Afisa lishe asiishie zahanati

Nikiitisha kikao kabla ya mavuno, wengi wanaokuja ni akina baba. Afisa lishe akija kijijini, anakaa zahanati na akina mama wenye watoto wa kupima. Mimi nasema gunia, yeye anasema uji, na watu wa nyumba moja hawasikii somo moja. Kwa maoni yangu hapo tunakosea, na mimi nimo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57, Njombe 50. Hiyo ni mikoa ya mahindi, maharage na viazi! Shamba linatoa, mtoto hakui.

Afisa lishe anamfundisha mama kwamba mtoto akitimiza miezi sita, uji uwe mzito, na apate maharage yaliyopondwa, dagaa, mboga za majani, yai. Mama anaelewa vizuri sana. Lakini maharage yameshapanda lori, kuku ni wa baba, na mayai yamepangwa kwenye trei yanasubiri gari la mnadani. Mama afanye nini na somo hilo?

Ndiyo maana nataka afisa lishe asimame kwenye kikao cha mavuno, mbele ya mwenye ufunguo wa ghala. Hesabu yenyewe si ngumu. Familia ikipika nusu kilo ya maharage mara nne kwa wiki, mwaka mzima inakula kilo 104, yaani gunia moja tu. Liwekwe pembeni kabla dalali hajafika. Ada haisubiri, najua, lakini gunia ulilouza bei ya mavuno utalinunua kwa kilo dukani mwezi wa pili, tena kwa bei ya kuumiza.

Wafanyabiashara nanyi mna lenu. Mnauza unga wa lishe wa mahindi, mchele, ngano, mtama na ulezi, mnausifu kwa wingi wa nafaka. Zote hizo zaidi ni wanga. Ukiongeza maharage mabichi humo, uji utaiva kabla yao. Na karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Kuzisaga na kuzipika hakuiondoi. Chambueni, zilizooza mzitupe.

Maafisa lishe ni wachache, hawawezi kufika kila kitongoji. Lakini Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila miezi mitatu, na sioni kwa nini moja isifanywe siku ya kikao chetu cha maharage. Nimeshamwomba wetu, amekubali. Akina baba, safari hii njooni na wake zenu, na watoto waje wapimwe mkiona.