Maradhi ya Kuambukiza na Lawama kwa Treni

Maradhi ya kuambukiza yanapozuka, lawama huangukia mji mkubwa na chombo kinachowaleta watu kutoka huko. Machi 2020 Kongo iligundua mgonjwa wake wa kwanza wa Korona mjini Kinshasa. Wiki mbili baadaye wakazi wa Lubumbashi walifungiwa majumbani kwa siku mbili kwa ajili ya abiria walioshuka ndege kutoka mji mkuu. Msafiri akawa mtuhumiwa.

Kabondo-Dianda, mji wa Katanga ulio kwenye reli iendayo Kamina, hofu hiyo ya msafiri haikosi msingi. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka huohuo homa ya mafua ilipanda kutoka kusini hadi Katanga kwa njia ya reli. Maradhi husafiri na watu, wala hakuna wa kulikanusha hilo.

Hata hivyo, wingi wa watu ni jambo moja, na msongamano ni jingine. Hong Kong, ambako mamilioni hupanda treni kila siku, ilipoteza watu chini ya 200 kwa Korona mwaka 2020, kwa kuwa barakoa zilivaliwa mapema na wagonjwa wakatafutwa na kutengwa. Huku Kongo, surua iliyoanza 2019 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto, ilhali vifo vya Korona vilivyoandikwa nchini tangu mwanzo havifiki 1,500. Surua haikungoja maghorofa. Ilitosha chanjo isifike kijijini. Na chanjo haifiki mahali ambapo hakuna usafiri!

Kinachostahili kuogopwa ni chumba kisicho na dirisha wanamolala watu wanane, kituo kisicho na maji ya kunawa, na behewa lililoshindiliwa abiria na magunia hadi mlangoni.

Tena, kukosa treni hakumzuii mtu kusafiri. Machi 2022 treni ya mizigo iliyotoka Luena, kwenye reli hiyohiyo ya Katanga, iliacha njia huko Buyofwe na kuua watu 75. Wengi wa waliokuwamo walijipandia humo bila ruhusa, maana treni za abiria ni haba na barabara hazipitiki. Huo ni msiba wa kutia uchungu, na ungeweza kuzuilika. Kwa hiyo wakati wa maradhi treni za abiria ziongezwe, zisipunguzwe: safari zikiwa nyingi, kila behewa hubeba watu wachache. Madirisha yaachwe wazi, tiketi ziuzwe kwa hesabu ya viti, na wewa, yaani dereva wa bodaboda, abebe abiria mmoja tu.