Hesabu ya Wengi Si Wizi

Yako maneno yavumayo katika vyumba vya walimu, nami siwezi kuyanyamazia tena. Husemwa kwamba mwanafunzi akeshaye na wenzake katika intaneti, wakitafuta pamoja jawabu la hesabu, ni mwizi wa akili za watu. Wasemao hivyo ni watu wa heshima. Lakini heshima ya msemaji haigeuzi kosa kuwa haki.

Tutazame ushahidi. Mwezi wa Januari 2009 Timothy Gowers, bingwa wa hisabati wa Cambridge, aliuliza hadharani kama watu wengi waweza kufanya hisabati kwa shirika. Akachagua kanuni ya Hales na Jewett kuhusu msongamano, iliyokwisha thibitishwa mwaka 1991 kwa njia nzito, akawataka watu watafute njia nyepesi. Kila ajaye alipewa ruhusa ya kutoa wazo dogo, hata lenye kasoro. Katika siku 37 watu 27 waliandika maoni yapata 800, na njia ikapatikana. Uthibitisho ulitoka mwaka 2012 katika jarida la Annals of Mathematics kwa jina moja la kubuni, D.H.J. Polymath. Je, hao nao ni wezi?

Sikatai kwamba wapo wanakilio. Lakini mwenye kunakili huchukua mwisho wa safari bila ya kutembea. Wale wa mwaka 2009 waliziacha nyayo zao wazi: nani alitoa wazo, nani alikosea, nani alimsahihisha. Kuwaweka watu hawa wawili katika kapu moja ni dhuluma. Nilimwona kijana akifutiwa alama zote kwa sababu alishauriana na wenzake, ijapokuwa aliweza kueleza kila hatua. Hakuna aliyemwuliza.

Basi dawa si marufuku. Mwite mwanafunzi ubaoni, aeleze jawabu lake kwa maneno yake, na amtaje aliyemwazima wazo. Mwizi atanyamaza, mwenye kufahamu atasema. Nami niliye mwalimu wa lugha naongeza hili: vijana wanaobishana juu ya hesabu kwa Kiswahili wanaikuza lugha ambayo sisi twailinda kamusini tu.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Twawafundisha vijana methali hiyo asubuhi, kisha jioni twawaadhibu kwa kuitii.