NYUMBA NA MALEZI: Kompyuta Moja kwa Dada na kwa Ndugu

Katika kambi moja nje ya Kampala, sajini mmoja na mkewe walikuwa wameweka akiba kwa miaka mitatu katika chama chao cha kuweka na kukopa, wakikusudia kununua mabati ya nyumba ya kijijini. Mwaka jana binti yao akaingia chuo kusomea usanifu wa majengo, akaambiwa kuwa pasipo kompyuta yenye nguvu kazi za mwaka wa pili zitamshinda. Mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, aliposikia neno kompyuta akataja michezo. Baba akakasirika.

"Mabati yangu hayatageuzwa mchezo," alisema.

Hasira yake ilikuwa na haki, bali ilikosa ujuzi. Kompyuta iwezayo michezo mikubwa ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuchora nyumba. Ndani yake mna kadi ya picha, ambayo hufanya maelfu ya hesabu ndogo kwa wakati mmoja. Hesabu hizo huonyesha gari likikimbia mchezoni, na hizo hizo huonyesha ukuta ukipigwa na jua la asubuhi katika mchoro wa msanifu. Kijana na dada yake walikuwa wakiomba kitu kimoja pasipo kujua.

Mama ndiye aliyekwenda mjini kwanza. Muuzaji alimwonyesha kisanduku cha vioo chenye taa za rangi saba, akamsifia prosesa yake kuwa ni "Core i7". Sifa hiyo pekee haina maana. Prosesa ya i7 ya mwaka 2013 hushindwa na i3 ndogo ya mwaka 2022, na tena haikubaliwi rasmi na Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo iliachwa na watengenezaji wake Oktoba 2025. Lipasalo kuulizwa ni kizazi cha prosesa. Kuhusu taa, hazijapata kuchora hata dirisha moja.

Mama akarudi na fedha zake, akamwita koplo mmoja wa kikosi cha mawasiliano, kijana mwenye subira.

"Mama, kwanza tumuulize dada anatumia programu gani," alisema koplo.

Swali hilo lilistahili kutangulia yote. Programu ya Revit, ambayo wasanifu huitumia kuunda jengo zima, hutegemea zaidi prosesa yenye kasi na kumbukumbu ya kutosha. Kutoa picha kamili kwa Blender, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, huenda kasi zaidi kwa kadi yenye nguvu. Basi kumbukumbu isipungue gigabaiti 16, nayo iwe vipande viwili vya 8, maana viwili hupitisha habari kwa kasi kuliko kimoja cha 16. Nafasi ya kufikia 32 ibaki wazi. Diski iwe ya SSD. Sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kadi, na hapo kipimo cha kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, kwa kuwa mchoro usipoenea humo kazi huzorota au hukatika. RTX 3060 ya mwaka 2021, ile ya kompyuta ya mezani, ilitolewa na gigabaiti 12. Baadaye ikaja nyingine ya 8 yenye jina lilo hilo, na ile ya kompyuta ya mapajani ina 6. Majina ni mamoja, mali ni mbalimbali.

Binti alitamani ya mapajani. Kwa familia ya askari, ambayo leo iko hapa na kesho yaja barua ya uhamisho, tamaa hiyo si ya kipumbavu, na umeme ukatikapo kazi haipotei. Lakini ikitumia betri peke yake nguvu yake hushuka sana, na kadi yake haibadilishwi. Ya mezani hutengenezeka kipande kwa kipande. Ikipakiwa kwenye lori, kadi nzito ichomolewe na kufungwa peke yake, la sivyo mtikisiko waweza kuvunja mahali ilipochomekwa. Wakakubaliana juu ya mezani, pamoja na betri ndogo ya akiba ya kumpa binti dakika chache za kuhifadhi kazi yake.

Palibaki kisanduku cha kugawia umeme, ambacho wengi hukibania. Kadi hiyo pekee hula wati 170. Kisanduku hafifu huzima mashine katikati ya kazi, na kikiungua chaweza kuunguza na vingine.

Siku ya kununua, baba mwenyewe alikwenda na koplo. Walichagua mashine iliyotumika, isiyo na taa. Koplo akaiwashia Blender itoe picha nzito, akaomba wakae nusu saa kabla ya malipo. Muuzaji alinung'unika. Dakika ya 12 mashine ikazimika yenyewe.

Sajini akazirudisha fedha mfukoni, akaonyesha kwa kidole ile iliyokuwa rafu ya chini.

"Hiyo nayo iwashwe," alisema, akavuta kiti.