JUMBA LA MKOLONI, JASHO LA MWANANCHI

Siku hizi pote Afrika ya Mashariki unavuma upepo mmoja. Majumba yaliyojengwa na wakoloni, mengine yakiwa yamekaa miaka mingi bila wa kuyatazama, yanasafishwa, yanapigwa chokaa, yanatiwa vitanda na taa, kisha yanafunguliwa kuwa hoteli ndogo za wageni wenye fedha. Hoteli za namna hii hazina vyumba mia. Zina vyumba vinane au kumi na viwili, na mgeni hulipa ghali kwa sababu ya umri wa ukuta kuliko ukubwa wa chumba. Upepo huo umekwisha kuvuma Unguja, Mikindani na ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Haukosi kufika Kyela na Rungwe. Ni vema utukute tumekwisha kukata shauri, maana asiyekata shauri hukatiwa.

Shauri letu tunalisema mapema. Majumba hayo yasivunjwe, wala yasiuzwe. Yatengenezwe, yafanye kazi, na faida yake iwarudie wale ambao wazee wao waliyajenga.

Yafaa tukumbushane habari za nchi yenyewe. Mwaka 1879 Mwingereza Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akastaajabia usafi wa vijiji na uzuri wa nyumba za mianzi katikati ya migomba. Basi wenyeji wa nchi hii walijua kujenga kabla Mzungu hajaweka jiwe lake la kwanza. Mwaka 1891 wakaja wamisioni wa Kijerumani, Wamoravian wakishika Rungwe, na watu wa misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakishika upande wa pili. Mwaka 1893 ikaja serikali. Meli iliyoitwa Hermann von Wissmann ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa majini, na katika ufuko wa Lumbila, chini ya milima ya Livingstone, likajengwa boma lililopewa jina la Langenburg. Miaka michache baadaye wakubwa wale waliukimbia ufuko wakapanda kwenye baridi ya Tukuyu, na mji huo ukaitwa Langenburg Mpya.

Karibu na ziwa dogo la volkeno la Masoko, katika njia ya kutoka Tukuyu kushuka Ipinda na Matema, walijenga boma jingine la mawe. Hapo ndipo ilipokaa kampani ya tano ya jeshi la Wajerumani vita vilipoanza mwaka 1914. Mwezi Mei 1916 Waingereza wakaingia, wakayarithi yote. Bendera ilibadilika, lakini ngazi za mawe zilibaki zile zile, na mwananchi aliendelea kuzipanda akiwa amevua kofia. Nchi ilipojitawala, majengo ya namna hii mengi yaligeuzwa ofisi na mahakama, na hilo la Masoko likawa mahakama ya mwanzo.

Sasa tuulize swali ambalo wauzaji wa hoteli hawaliulizi. Nani aliyejenga? Vitabu vyao huandika kwamba boma fulani lilijengwa na luteni fulani. Luteni alishika karatasi na fimbo. Aliyeshika jiwe ni mtu mwingine. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani iliamuru kodi ya nyumba, na mtu asiyekuwa na rupia alilipa kwa mikono yake. Alichimba msingi, alibeba mawe, alichoma matofali, alipasua mbao, alifungua barabara. Hakuandikwa jina. Lakini kila tofali lililomo katika kuta hizo lilipita katika kiganja cha mwananchi kabla halijafika mahali pake. Kwa hiyo anayesema kwamba majumba hayo ni mali ya wakoloni anawapa wakoloni heshima isiyokuwa yao.

Kuna ndugu wanaosema, "Yavunjwe, ni kumbukumbu ya utumwa wetu." Tunaielewa hasira yao, lakini hatuikubali hoja yao. Mtumwa aliyepata uhuru havunji mnyororo akautupa baharini, huuweka mahali ambapo watoto watauona na kuuliza. Tena kuvunja si lazima mtu ashike nyundo. Jumba lisilotunzwa hujivunja lenyewe. Beit el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilichakaa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kuitengeneza, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha yao. Ikiwa jumba lile, linalojulikana duniani kote, lilifikwa na hayo, boma lililo katika mvua za Nyasa litapona kwa dua peke yake?

Wako na wengine wanaosema, "Apatiwe tajiri, alete fedha, sisi tutapata kazi." Hawa ndio tunaowaogopa zaidi, kwa sababu maneno yao ni matamu. Kazi gani? Ikiwa babu alikuwa mchukuzi wa mawe, na baba akawa boi wa Bwana Shauri, na sasa mwana anavalishwa koti jeupe ili awe boi wa mtalii katika jumba lile lile, mabadiliko ni ya koti tu. Hatudharau kazi ya mpishi wala ya mtandika vitanda. Kazi hizo ni halali na zina heshima yake. Tunachokataa ni mpango ambao ndani yake mwananchi hawezi kuwa kitu kingine chochote.

Haifai kusema bila mifano, na mifano ipo.

Huko Mikindani, kusini mwa pwani yetu, lipo boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Katika miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilishika kazi ya kulitengeneza, likalifanya hoteli. Jambo la kusifiwa hapo ni kwamba hoteli ilifanywa kuwa shule, na vijana wa mahali pale walifundishwa humo kazi ya kupokea na kuhudumia wageni. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Malawi, iko Livingstonia, misheni iliyoanzishwa Khondowe mwaka 1894. Nyumba ya mawe ya Dr. Robert Laws imekuwa makumbusho na nyumba ya wageni, na wenye kuisimamia ni kanisa la wenyeji. Katika Zambia lipo jumba la Shiwa Ng'andu, lililojengwa na Mwingereza Stewart Gore-Browne. Yeye mwenyewe alisimama upande wa Waafrika katika siasa, akazikwa kwa heshima za taifa mwaka 1967. Jumba lilianza kuharibika, kisha mjukuu wake akalitengeneza na kupokea wageni wa kulipa. Limeokoka, lakini limebaki la ukoo.

Mfano wa nne ni wa kutuonya. Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 katika Mji Mkongwe wa Unguja, liliingizwa katika hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015. Mji Mkongwe ulikuwa umekwisha kuandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kamati inayosimamia urithi huo ililalamikia jengo jipya lililoongezwa ubavuni. Jumba la kale limesalimika, lakini mtu akitazama kutoka baharini atajiuliza lipi ni mwenyeji na lipi ni mgeni. Tunajifunza kwamba fedha zikiwa na haraka, hata sheria nzuri hukimbizwa.

Na sheria zetu tuzijue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wajerumani walifika Nyasa miaka thelathini baada ya hapo. Kwa hiyo hakuna boma wala nyumba ya misheni katika mwambao huu inayolindwa kwa umri wake tu, ni lazima Waziri atangaze. Madiwani wa Kyela na Rungwe wasingoje mwekezaji abishe hodi. Waandike orodha ya majengo yao sasa, wapeleke maombi, walindiwe. Vilevile Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza ujenzi na shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maana yake ni kwamba mchanga wa Matema si uwanja wa mtu binafsi. Mvuvi apite, mama ateke maji, watoto waoge. Hoteli yoyote itakayoweka uzio hadi majini imevunja sheria, hata iwe imetengeneza jumba zuri namna gani.

Twende katika kazi yenyewe, maana siasa bila kazi ni kelele. Mvua za kaskazini mwa Nyasa ni nyingi kupita sehemu nyingine nyingi za nchi yetu. Kuta za zamani zilijengwa kwa mawe au matofali na chokaa, na chokaa huuacha unyevu utoke. Fundi wa siku hizi akija na saruji akaziba ukuta wote, maji hunaswa ndani, ukuta huvimba, matofali humomonyoka, na baada ya masika machache jumba lililodumu miaka mia huanza kupasuka. Mchwa nao hula boriti kimya kimya. Basi kazi ya kwanza ni kuwapata mafundi wanaojua chokaa na mbao, na vijana wetu wa vyuo vya ufundi wakae ubavuni mwao mpaka wajue. Ujuzi huo utabaki Kyela hata mgeni wa mwisho akiondoka.

Kazi ya pili ni jiko. Itakuwa aibu hoteli ikiwa Kyela halafu iagize mchele kutoka ng'ambo, wakati harufu ya mchele wa Kyela inajulikana sokoni Dar es Salaam. Kakao inalimwa nje ya mlango, na mgeni anakunywa kakao ya kopo? Ndizi ziko, dagaa wako, mbasa wako. Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa katika soko la Lyulilo, viwekwe mezani, na vinunuliwe kwa bei ya kazi ya mikono. Hoteli ya vyumba kumi haiwezi kuajiri wilaya nzima. Lakini ikinunua kwa jirani kila siku ya Mungu, inaweza kulisha nyumba nyingi kuliko zile za wafanyakazi wake.

Sasa tunaweka masharti yetu, na tunaomba yasomwe katika mikutano ya vijiji.

Kwanza, jumba na ardhi yake vibaki mikononi mwa halmashauri, kijiji au kanisa linalovimiliki. Mwenye mtaji apangishwe kwa miaka inayohesabika, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wananchi kabla ya kutiwa saini.

Pili, sehemu ya pato, si ya faida, ilipwe kila mwaka kwa kijiji. Faida huweza kufichwa katika vitabu, lakini kitanda kilicholaliwa kila mtu amekiona.

Tatu, mkataba utaje miaka ambayo ndani yake meneja, mhasibu na mpishi mkuu watakuwa wananchi. Bila tarehe, ahadi ya mafunzo ni wimbo wa kumlaza mtoto.

Nne, wafanyakazi wawe na barua za ajira, mishahara ya sheria na chama chao cha wafanyakazi, wakati wa wageni wengi na wakati wa wageni wachache.

Tano, ukutani, mahali pa kuingilia, iandikwe habari ya jumba bila kuipaka sukari: nani aliamuru, nani alijenga, kwa kodi gani, na nani alihukumiwa humo. Mgeni aliyetoka Ujerumani au Uingereza hatadhurika kwa kusoma ukweli. Huenda ndicho atakachokumbuka zaidi akirudi kwao.

Tunajua wako watakaosema kwamba masharti kama haya yatamfukuza mwekezaji. Tunawajibu kwamba mgeni mwema hakasiriki akionyeshwa mahali pa kukaa. Anayekimbia kwa sababu amekuta nyumba ina mwenyewe alikuja akidhani haina. Na ukuta uliongoja zaidi ya miaka mia unaweza kumngoja mshirika wa haki mwaka mmoja zaidi, ili mradi paa lake lizibwe sasa.

Hilo la paa halihitaji mwekezaji wala mtaalamu kutoka nje. Ndugu madiwani, viongozi wa makanisa, wenyeviti wa vijiji, mafundi na wakulima wa Kyela na Rungwe, nendeni mkayatazame majumba yaliyo katika ardhi yenu. Hesabuni mabati yaliyotoboka, ng'oeni miti iliyoota katika nyufa, zibueni mifereji kabla ya masika. Wazee walioyajenga walifanya kazi kwa kulazimishwa, na walimfanyia mtu mwingine. Sisi tukiyatengeneza leo, tunajifanyia wenyewe.