Mhadhara Hauishii Ukumbini

Mwaka wa masomo unapoanza, sisi wazazi huulizana kuhusu ada, chumba na fedha ya chakula. Ni nadra kumwuliza kijana: mwanangu, ukiwa ndani ya mhadhara unafanya nini? Nasi hatukupata kuuliza, hadi binti yetu, aliyemaliza kidato cha sita kwa alama za kujivunia, alipoanguka majaribio yake ya kwanza ya chuo. Neno "disko", ambalo wanachuo hulitumia kwa kuondolewa masomoni, likaanza kutajwa sebuleni.

Hakuwa mvivu. Madaftari yake yalijaa, na simu ilijaa picha za slaidi. Kumbe tatizo ndilo hilo. Alinakili kila neno kama alivyozoea kunakili ubaoni sekondari; mkono ukikimbia, akili haipati nafasi ya kusikiliza. Mhadhiri hasomi imla. Hueleza, hutoa mfano, huurudi mwenyewe kwa hoja nyingine, kisha husonga mbele, tena kwa Kiingereza.

Tulishauriana naye. Kabla ya kuingia asome kurasa zilizotajwa, walau nusu saa, ili istilahi ngumu asikutane nazo ukumbini kwa mara ya kwanza. Aandike kwa maneno yake, aache nafasi kando ya ukurasa. Baadaye aijaze maswali, afunike maelezo, ajijibu. Mtindo huu aliueneza Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Na afanye hivyo jioni ile ile, asingoje wiki ya mitihani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: aliyoyahifadhi yalimtoka zaidi katika siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau ikapungua. Wazee wetu walilijua hilo bila maabara. Kudurusu, darsa na madrasa ni maneno ya asili moja, na chuoni kwa maalimu hukupewa somo jipya kabla ya kulitoa la jana.

Siku hizi, kila Alhamisi usiku, binti humpigia simu bibi yake na kumweleza kwa Kiswahili aliyofundishwa juma lile. Bibi hajasoma uchumi, lakini haoni haya kuuliza, "Kwa nini?" Pale binti anapokwama, ndipo anapojua swali la kumpelekea mhadhiri.

Mtihani wa marudio wa takwimu aliufaulu. Bibi angali anadai kwamba wastani haujaelezwa vizuri.