Kabla Hujatoa Ile Laptopu ya Zamani

Mwaka juzi nilimpa binti ya kaka yangu laptopu yangu ya zamani. Alikuwa anaingia chuo Eldoret, na mimi nilikuwa nimenunua nyingine. Nikafuta picha, nikafuta kila faili niliyoiona, nikamwaga na lile pipa la taka lililo pale kwenye skrini, kisha nikamtumia. Roho safi kabisa. Wiki ya pili akanipigia simu: "Shangazi, hii kompyuta nikitaka kuingia kwa barua pepe inaniletea jina lako, na vitone vya nenosiri viko hapo tayari. Nifanye nini?"

Kumbe kivinjari kilikuwa kimehifadhi nenosiri langu miaka mitatu. Ndani ya hiyo barua pepe kulikuwa na stetimenti zangu za pesa za simu, picha ya kitambulisho niliyomtumia mwenye nyumba, cheti cha PIN ya KRA na mkataba wa kazi. Na kazi yenyewe, ndugu msomaji, ni hii ya kuwafundisha wateja usalama wa pesa zao. Niliona aibu.

Binti ni wa kwetu na ana adabu. Sasa fikiria ningekuwa nimeiuza pale Luthuli Avenue kwa mtu nisiyemjua.

Kwa miaka mingi sisi watu wa malipo ya simu tumewaimbia wimbo mmoja: usimpe mtu PIN yako. Ni ushauri mzuri na haujapitwa na wakati. Lakini naona umetufanya tudhani kwamba tapeli huanza na PIN. Haanzi hapo. PIN ndiyo humalizia nayo. Anaanza kwa kukujua: jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yako, mtu uliyemtumia pesa Jumanne, kiasi cha karo uliyolipa. Akikupigia na kukutajia hayo yote, unaamini ni mtu wa ofisi. Baada ya hapo kukuomba PIN, au kujaribu kuhamishia nambari yako kwenye laini yake, ni kazi ndogo. Na mahali ambapo mambo hayo yote yamekaa pamoja, yamepangwa vizuri, ni kwenye kompyuta unayotaka kuitoa.

"Lakini nilifuta!" Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kompyuta ikifuta faili, mara nyingi haigusi maandishi yenyewe. Inafuta tu kumbukumbu ya mahali yalipo, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Hata kufomati kwa haraka, kule kunakochukua dakika moja, hufanya hivyo hivyo. Kuna programu za bure kabisa, kama Recuva na PhotoRec, ambazo kazi yake ni kurudisha vilivyofutwa. Zilitengenezwa kumsaidia aliyepoteza picha za harusi, na haziulizi harusi ilikuwa ya nani.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Zilizosomeka zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Walikuta nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wenye diski hizo bila shaka walidhani wamefuta, kama mimi.

Kuna wanaoniambia, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Haya, tuseme huna. Na wateja wako je? Hapa ninasema na wenye maduka, mawakala, wenye saluni na makatibu wa chama. Ile orodha ya madeni kwenye Excel ina majina na nambari za watu. Picha za vitambulisho ulizopokea kwa WhatsApp ya kompyuta ziko kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Hao hawakukupa ruhusa ya kuzigawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayeshika taarifa za watu kwa shughuli zake azilinde. Zikivuja kwa namna ya kuwahatarisha, Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72. Lakini hata bila sheria, mama mboga aliyekukopa mia tatu hastahili kupigiwa simu na tapeli kwa sababu wewe ulikuwa na haraka.

Wengine husema usitoe kompyuta kabisa, toa diski uivunje. Mimi sikubaliani nao. Laptopu bila diski ni mzigo kwa mwanafunzi asiye na pesa ya kununua nyingine. Isafishe, kisha itoe ikiwa nzima.

Anza kwa kuhamisha unachohitaji kwenye flashi au diski ya nje, na uhakikishe kinafunguka. Toka kwenye akaunti zote: barua pepe, WhatsApp, kivinjari. Kwa Windows 10 au 11, nenda kwenye mipangilio, tafuta "Reset this PC", uchague kuondoa kila kitu. Usikimbilie kubonyeza kitufe cha mwisho. Fungua mipangilio ya ziada uwashe chaguo la kusafisha diski, "Clean data". Hilo ndilo linaloandika juu ya maandishi ya zamani, na ndilo watu huruka kwa sababu huchukua saa kadhaa. Chomeka chaja, nenda ukalale. Mac za miaka ya karibuni zina "Erase All Content and Settings", ambayo humaliza kazi kwa dakika chache kwa sababu diski yake tayari imefungwa kwa fumbo, na kinachofutwa ni ufunguo.

Kisha nyumbani, kwa simu yako, badilisha nenosiri la barua pepe na uondoe ile kompyuta kwenye orodha ya vifaa vyako.

Naomba pia ufanye kazi hii mwenyewe, au ukae kando ya fundi akiifanya. Sisemi mafundi ni wezi, wangu nimemwamini miaka kumi. Lakini ana kompyuta ishirini mezani, ana kijana anayemsaidia, na kwake "nimeifomati" inaweza kuwa ile ya dakika moja.

Na ikiwa imekufa kabisa, haiwaki? Usiiuze kwa mnunua vyuma hivyo hivyo. Kompyuta ikifa, diski mara nyingi bado ni nzima. Mwambie fundi aitoe mbele yako. Ibaki nawe, au itobolewe kwa keekee. Ikiwa ni SSD, hakikisha vile vijiwe vyeusi vyenyewe ndivyo vilivyotobolewa.

Ile ya kwangu binti aliirudisha kwa gari la mizigo. Ilisafishwa usiku kucha, tukiisikia ikivuma sebuleni, na Jumatatu ikapanda gari tena kwenda Eldoret.