Atokaye Jela Apokewe na Nani?

Wahenga wetu wa pwani walisema, "Nazi mbovu harabu ya nzima." Methali hii ni ya kweli, lakini siku hizi aghalabu hutumiwa pasipo mahali pake. Kijana akikamatwa kwa kuiba simu, au akionekana na unga, au akitajwa katika magenge ya mapanga yaliyosumbua mitaa ya Kisauni na Likoni, methali hii ndiyo hukumu ya kwanza apewayo pale barazani, kabla hata hakimu hajamwona. Atolewe, atupwe, asije akaharibu wengine.

Hatukatai kwamba ubaya huambukiza. Tunalouliza ni hili: atupwe wapi? Nazi ikitupwa huishia jaani, na habari yake ikaisha. Mtu akitupwa hurudi. Wengi mno katika wafungwao Shimo la Tewa, iko siku lango litafunguliwa na wataambiwa waende zao. Watakuja mpaka mtaa ule ule na nyumba ile ile. Na hapo ndipo ianzapo hukumu ya pili, isiyo na hakimu, wala rufani, wala mwisho.

Tuchukue mfano wa kijana aliyefungwa miezi 18 kwa wizi. Huko gerezani amefunzwa useremala. Arudipo, fundi wa mtaani humwambia hana nafasi, na kesho yake humchukua mwingine. Akienda kuomba kazi ya bohari au ya ulinzi huambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi, na kosa alilokwisha kulilipia humfuata mpaka mezani pa mwajiri. Akiingia msikitini, watu huangalia viatu vyao. Akipeleka posa, hupewa udhuru. Hata nyumbani kwao mkoba hufichwa.

Nani basi humkaribisha kwa mikono miwili? Ni genge lile lile aliloliacha, na muuza unga, na yule mtu mpole wa maneno atafutaye vijana wa kuwavusha mpaka kwenda vitani Somalia. Hao hawamwulizi cheti. Humwita ndugu, humpa chakula na humpa kazi. Sisi tulioufunga mlango ndio tuliowapelekea, kisha twashangaa wamempata wapi.

Kisa cha ngamia

Wako wasemao kuwa upole wa namna hii ni mambo ya kizungu, na kwamba dini yetu yataka mkosaji aadhibiwe. Ndugu zetu hao yafaa wasome tena. Imam Bukhari amepokea habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa kosa la ulevi. Alipigwa kama ilivyopasa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa kuwa haachi, na Mtume akakataza laana ile, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika mapokezi mengine, aliwakataza watu wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Basi tuangalie: adhabu ilitolewa, lakini ilikuwa na mpaka. Ilipokwisha, aliyepigwa alibaki ndugu, na mahali pake katika jamaa hapakuondolewa.

Naye Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha zama za Sayyidna Umar. Watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe mikono. Kisha akageuka kumtazama bwana wao, akamwambia kuwa aona yeye ndiye anayewashindisha na njaa. Akamwuliza mwenye ngamia thamani ya mnyama wake. Yule akataja kuwa alikwisha kukataa dirham 400. Umar akamwamuru Hatib amlipe dirham 800. Umar huyo huyo ndiye anayejulikana kwa kuisimamisha adhabu ya kukata mkono mwaka wa njaa kuu, mwaka wa 18 wa Hijra.

Kisa hiki kina mafunzo matatu. Aliyeibiwa hakusahauliwa, alipata mara mbili ya thamani aliyoitaja. Walioiba waliachiwa mikono yao, wapate kuishi na kufanya kazi. Na aliyewatia katika njaa ndiye aliyetoa fedha. Hakimu hakuuliza tu nani kaiba. Aliuliza pia nani alikuwa na wajibu wa kuwalisha.

Sheria imetutangulia

Ajabu ni kwamba sheria za nchi zimekwisha kuliona jambo hili, nasi wa mitaani tumebaki nyuma. Tangu 1998 Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii, ambayo yampa hakimu uwezo wa kumpa mtu kifungo cha nje, afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kulala jela, pale ambapo kifungo hakingezidi miaka 3. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, yazitaka mahakama kuendeleza upatanishi na njia za jadi za kumaliza ugomvi. Sheria ya Watoto ya 2022 iliinua umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Na mnamo 2015 mateja wa Malindi walianza kupewa dawa ya methadoni hospitalini, yaani kutazamwa kama wagonjwa, si kama takataka.

Lakini sheria haiwezi kumwitikia mtu salamu. Hakimu aweza kumpa kijana kifungo cha nje, ila akifika mtaani akute watu wanamtenga, jela amepewa na jirani zake.

Mwenye kuibiwa je?

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: huruma hii yote ni ya mwizi, je mama lishe aliyenyang'anywa fedha za mtaji wake alfajiri? Je, kijana aliyekatwa panga akabaki kilema? Jawabu letu ni kwamba hao ndio wa kwanza kuangaliwa. Kwa desturi ya sasa, mwizi akifungwa mama lishe hapati hata senti, na wala haulizwi kitu baada ya kutoa ushahidi. Akipigwa na kuchomwa moto na umati, mtaji haurudi, na mtaa mzima umekuwa muuaji. Sulhu ya wazee wetu haikuwa bure. Mkosaji aliletwa mbele ya watu, akakiri kwa ulimi wake, jamaa zake wakachanga wakalipa, na aliyedhulumiwa akasikilizwa mpaka moyo wake ukatulia. Hilo ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Wako watu ambao kulala jela ni rahisi kwao kuliko kumtazama usoni waliyemdhulumu.

Wala hatusemi kuwa wauaji na wabakaji waachwe watembee. Wako ambao jamii haina budi kujikinga nao. Lakini tusiwapime wote kwa pishi moja.

Yatupasa tufanye nini? Kila msikiti una kamati. Kamati hiyo yaweza kuwajua vijana wa mtaa walio gerezani, ikawatembelea, na siku ya kutoka ikawa na watu wawili watatu langoni kuwapokea kabla genge halijawapokea. Mafundi wa seremala, magari na ushoni wanaweza kukubaliana kila mmoja kumchukua kijana mmoja kwa majaribio, na mzee mmoja awe mdhamini. Zaka nayo isimruke. Atokaye jela bila shilingi ni fukara kama mafukara wengine, na aya ya 60 ya Surat Tawba, iwatajapo wanaostahiki zaka, haikuuliza fukara alilala wapi mwaka jana. Waajiri nao wasome cheti, lakini wasome na miaka iliyopita tangu kosa.

Turudi kwenye nazi yetu. Mswahili hatupi kitu cha nazi. Kumbi husokotwa kamba, kifuu huwa upawa au moto wa jikoni, machicha hupewa kuku. Ikiwa twajua kuitafutia kazi kila sehemu ya tunda la mnazi, vipi tunashindwa na mtoto tuliyemzaa, tukamwadhinia sikioni siku aliyozaliwa?